Dogo wa Ontario, drafti ya NHL na shamba la mikorosho

SWALI: Mambo kaka wa michezo. Mi niko Mikindani hapa Mtwara. Dada yangu yuko Canada miaka mingi, mwanae wa kiume anacheza hoki ya barafu ligi ya vijana ya OHL huko Ontario, ni winga. Kazaliwa tarehe 28 Septemba 2008, urefu futi 5 na inchi 9. Msimu huu wa 2025/26 mpaka sasa gemu 58, goli 21, asisti 26. Shemeji anasema Juni hii lazima achaguliwe kwenye drafti ya NHL, yaani pale timu za ile ligi kubwa ya hoki ya Marekani na Canada zinapochagua vijana kwa zamu, sasa anataka tuuze nusu ya shamba la mikorosho la marehemu mzee kule Nanyamba ili amlipe mshauri na kocha binafsi wa kiangazi, eti hela itarudi mara kumi. Mama ameshaanza kulegea. Nimekutumia na klipu alizorusha kwenye grupu la familia. Huyu mtoto ana nafasi kweli au tunaingizwa mjini?
Mama mdogo, Mikindani

JIBU: Dada, mama mfikishie shikamoo yangu, na mwambie hati ya shamba aifungie kabatini kwanza.

Juni hii dogo hachaguliwi. Sio kwamba hana uwezo, umri tu haujafika. Kanuni ya NHL inataka mchezaji awe ametimiza miaka 18 ifikapo tarehe 15 Septemba ya mwaka wa drafti, yeye anatimiza tarehe 28, kapitwa na siku 13 basi anasubiri mpaka 2027. Sio mkosi wake peke yake, Auston Matthews, staa wa NHL, alizaliwa tarehe 17 Septemba 1997, akakosa drafti ya 2015 kwa siku mbili, mwaka uliofuata Toronto wakamchukua namba moja. Kwa hiyo shem ama hajasoma kanuni ama anajua na kanyamaza, na mi sitaki kugombanisha familia za watu ila muulizeni hilo kabla ya kingine chochote. Ile orodha ya maskauti (wasaka vipaji) wa NHL wenyewe, ya katikati ya msimu na ile ya mwisho inayotoka Aprili, jina lake mwaka huu halimo, wala msitishike, haliwezi kuwemo.

Hiyo tarehe ina ubaya wake lakini. 2027 dogo atakuwa kwenye kundi moja na watoto waliozaliwa mpaka katikati ya Septemba 2009, yaani wapo wanaokaribia kuwa wadogo zake kwa mwaka mzima. Maskauti wanalijua hilo. Pointi 60 (goli na asisti ukijumlisha) za kijana wa miaka 18 na pointi 60 za wa miaka 17 haziwekwi kapu moja, yule mdogo ndo anapewa uzito, mkubwa wanamwambia ulitakiwa uwe umewaacha mbali.

Haya, namba zenyewe. Goli 21 na asisti 26 ni pointi 47 kwa gemu 58. Kwa OHL, ambayo pamoja na WHL na ile ya Quebec ndo ligi za juu za vijana Canada, hiyo sio kazi mbovu hata kidogo kwa mtoto aliyeuanza msimu na miaka 16. Ila mafowadi wanaochukuliwa raundi ya kwanza kutoka ligi hizo mara nyingi unawakuta wamevuka pointi moja kwa kila gemu, dogo yupo chini ya hapo. Halafu kwenye hoki goli moja linaweza kutoa asisti mbili, yaani aliyempasia mfungaji na aliyempasia huyo aliyepasia, wote wanaandikiwa sawa na mfungaji. Kwa hiyo asisti 26 zinaweza kuwa 20 za maana na 6 za kupita njia au kinyume chake, karatasi haisemi.

Nyie watu wa korosho hili mnalielewa kuliko mimi. Gunia linaweza kuwa zito vizuri tu kwenye mizani, lakini ghalani wanachukua sampuli wanazikata, waone ndani punje imejaa au imesinyaa, hapo ndo daraja linapopatikana. Pointi 47 ni uzito wa gunia. Sasa tukate.

Nimeziangalia klipu zako mara mbili mbili. Hesabu na wewe wapinzani waliopo kwenye barafu, magoli mengi wako wanne badala ya watano. Hiyo inaitwa pawaplei, mtu wa timu pinzani kafanya faulo katolewa nje dakika 2, wenzake wamebaki pungufu. Dogo anasimama pembeni ya goli, anawekewa paki (kale kadude keusi wanakochezea), anamalizia. Kumalizia ni kipaji sikatai, ila huko NHL nafasi za pawaplei wanazo wakubwa wenye mikataba mikubwa, kijana mgeni anaanzia mstari wa nne, yaani kundi la mwisho la mafowadi kuingizwa, dakika chache, watano kwa watano, kazi ya kukimbizana na kugongana kwenye kona. Kama nusu ya magoli yake ni ya pawaplei skauti anaandika alama ya kuuliza. Angalieni pia anacheza na nani, ukiwa winga wa senta (fowadi wa katikati) ambaye ni bora ligi nzima hata mimi napata asisti.

Kilichonifurahisha ni ile klipu ya jezi nyeupe. Paki inakuja kwake ukutani upande wa kulia, na kabla haijamfikia anageuza shingo mara mbili kuangalia nyuma, kashamuona beki anakuja mbio, basi haikamati kabisa, anaigusa mara moja tu kuipeleka katikati halafu anampita beki upande wa pili. Goli lenyewe kafunga mwenzake na hapo kwenye grupu nadhani hakuna aliyeshangilia. Ila hilo ndo linalomfanya skauti atoe kalamu, mtoto anajua cha kufanya kabla paki haijafika, na hicho ni kigumu sana kumfundisha mtu.

Kilichoniudhi nacho kipo. Kwenye ile klipu ya goli la dakika za mwisho, rudisha nyuma kidogo, timu yake inapoteza paki naye anarudi anateleza tu, miguu haipigi, fimbo iko juu kama anatoka sokoni. Bahati yao mpinzani kakosa. Makocha wa NHL hicho hawakisamehi, na kwa kimo cha futi 5 na inchi 9 ndo kabisaaa, mtu mfupi kule lazima awe na spidi ya hatua tatu za kwanza na roho mbaya ya kurudi nyuma.

Shem atakutajieni Martin St. Louis. Ni kweli, mtu wa futi 5 na inchi 8, hakuchaguliwa na timu yoyote, akaja kuwa mchezaji bora wa ligi 2004 na kombe akabeba na Tampa Bay mwaka huohuo. Na marehemu Johnny Gaudreau alikuwa mdogo wa mwili, Calgary wakamchukua nafasi ya 104 mwaka 2011 akawa staa. Ila tunawataja hao kwa sababu ndo waliofanikiwa, wafupi walioishia njiani hakuna anayewakumbuka. Drafti nzima ni timu 32 mara raundi 7, watu 224, na humo wamo mabeki na makipa, na wanatoka Canada, Marekani, Sweden, Finland, Urusi na kwingine huko. Sio uchaguzi wa kijiji.

Na hata akichaguliwa hela haijaingia, hapa ndo nataka mama asikilize vizuri. Kuchaguliwa maana yake timu imeshika haki ya kusaini naye tu, mkataba ni suala lingine na linaweza lisije. Jarome Iginla, ambaye baba yake ni Mnigeria, Dallas walimchagua nafasi ya 11 mwaka 1995, kabla hajawachezea hata gemu moja wakamtoa kwa Calgary, ndo huko alikotengeneza jina. Huyo alifanikiwa. Alexandre Daigle alikuwa namba moja 1993 na Nail Yakupov namba moja 2012, na hakuna kati yao aliyefikia robo ya walichotegemewa. Namba moja hao dada, sio wa raundi ya tano.

Maoni yangu basi: mwakani akiongeza magoli ya watano kwa watano na akajifunza kupiga miguu wakati wa kurudi, namuona raundi za kati kati, ya tatu au ya nne hivi. Akibaki hivihivi na mwaka umeongezeka, raundi ya mwisho au asisikie jina lake kabisa. Na asiposikia maisha yanaendelea, tangu Agosti 2025 wachezaji waliopitia ligi hizi wanaruhusiwa kwenda kucheza hoki ya vyuo vikuu Marekani, zamani ulikuwa umefungiwa huo mlango, na timu za OHL zenyewe zina mpango wa kumlipia mchezaji masomo. Kwa mtoto wa kimo chake mi naiona njia nzuri, anapata miaka ya kujaza mwili na cheti juu.

Hela ya Nanyamba sasa. Timu ya OHL ndo inampa vifaa na inamtafutia familia ya kukaa nayo akiwa mbali na kwao. Wakala wa maana, aliyesajiliwa na chama cha wachezaji wa NHL, anakula asilimia yake mkataba ukishasainiwa. Anayetaka milioni kadhaa leo kwa ajili ya drafti ambayo mtoto hayumo, mi ningetaka jina lake na risiti. Mwambieni shem alete vitu vitatu: dogo anacheza dakika ngapi kwa gemu, magoli mangapi ni ya watano kwa watano, na huyo mshauri anaitwa nani. Kocha wa kiangazi kwa ajili ya miguu naona anahitajika kweli, kama mnataka kuchangia changieni hapo kwa hela ya mnada wa korosho, mikorosho yenyewe ibaki imesimama.

SWALI: Kaka hivi huku kwetu Afrika Mashariki huo mchezo unachezwa wapi? Mwanangu kaona kwenye simu sasa hatulali.
Baba Zuhura, Mtanda, Lindi

JIBU: Lindi na joto lile, sahau mzee wangu. Jirani ni Nairobi, kuna timu inaitwa Kenya Ice Lions iliyokulia kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, 2018 walipelekwa Canada wakacheza pamoja na mastaa wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Wengi wao walianza na roller, viatu vya magurudumu, na hicho hata Lindi kinawezekana ukipata sakafu laini ya sementi. Mnunulie na helmeti, usianze na viatu peke yake. Na kama kutolala kwenyewe ni gemu za laivu, zile nyingi zinaanza huku saa tisa usiku, mwekee marudio asubuhi.