Cheni ya kubebea nyaya za rauta ya CNC: iache mashine ijikatie yenyewe

Mkuu, umesema rauta yako ya CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta) ina mwendo wa mm 1200 kwenye mhimili mrefu, nyaya zinaning'inia na kukwaruzana na fremu, na unafikiria kutengeneza cheni ya kuzibeba kwa vipande vya trankingi ya PVC (mfereji wa plastiki wa kupitishia nyaya ukutani) au kwa utepe wa futi ya chuma. Kwa mwendo huo zote mbili ziache. Utepe wa futi ukikunjwa hujiamulia wenyewe nusukipenyo cha mkunjo, na hicho hukaribiana na kile cha bonde lake la upana, yaani sentimita chache tu. Kebo ya spindo (mota inayozungusha biti ya kukatia) haiwezi kuishi hapo. Trankingi nayo ni PVC ngumu, ukiitoboa karibu na ukingo inapasuka tunduni baada ya muda. Unayo mashine inayokata, basi ikate cheni yake. Malighafi nzuri na rahisi ni mbao za plastiki za kukatia mboga, zile nyeupe za HDPE, unene mm 6. Nenda dukani na vernia (kifaa cha kupimia unene), maana iliyoandikwa mm 6 mara nyingi si mm 6.

Anza na kebo kabla ya kuchora chochote. Nachukulia una kebo ya spindo ya mm 10 kwa nje, mbili za mota za stepa (zinazosogeza mashine hatua kwa hatua) za mm 7, moja ya swichi za ukomo (zinazoguswa mashine ikifika mwisho wa mwendo) ya mm 5, na mipira miwili ya maji ya mm 8. Kila kebo iongezee nafasi ya 10% na kila mpira 20%, kwa sababu mpira hutanuka maji yakiwa na presha. Ukizipanga ubavu kwa ubavu unapata mm 51 hivi, kwa hiyo upana wa ndani uwe mm 60. Usizipandishe moja juu ya nyingine. Kebo zikipandana kwenye mkunjo, ya nje inavutwa na ya ndani inasukumwa, na mwisho wake zinasokotana.

Nusukipenyo cha mkunjo kinatokana na kebo nene kuliko zote. Kwa kebo za kawaida zenye nyuzi laini chukua mara 10 ya unene wa nje, kwa hiyo hapa ni mm 100. Waya wa kufungia nyumba, ule wa uzi mmoja mnene, usiuingize kabisa. Unakatika ndani huku ganda likiwa zima, na utahangaika siku nzima kutafuta hitilafu.

Umbali kutoka bawaba hadi bawaba uwe mm 40. Kila pingili, yaani kipande kimoja cha cheni, ikijikunja digrii 22.5, pingili 8 zinatimiza nusu duara, na nusukipenyo ni 40 ÷ (2 × sine ya digrii 11.25), yaani mm 102.5. Ukitaka cheni inayotembea kimya, punguza hadi mm 20, lakini idadi ya vipande itakuwa maradufu na pembe ya kila pingili itabidi iwe nusu. Ya mm 40 inapiga kelele kidogo mwendo ukiwa wa kasi. Mimi ningeivumilia.

Urefu wa cheni unategemea mahali unapofunga mwisho usiosogea. Ukiufunga katikati ya mwendo: nusu ya mwendo (600), jumlisha nusu duara (π × 102.5 ≈ 322), jumlisha pingili moja kila upande (80). Jumla ni mm 1002, gawa kwa 40 upate 25.05, weka pingili 26. Ukiufunga mwanzoni mwa mwendo unalipia mwendo mzima: 1200 + 322 + 80 = 1602, ambazo ni pingili 41. Kwa hiyo ingia gharama ya kuzifikisha nyaya katikati ya fremu, utaokoa pingili 15. Pima pia nafasi ya wima: mkunjo unachukua 2 × 102.5 pamoja na kimo cha cheni mm 30, yaani mm 235. Acha mm 260 wazi. Hapa ndipo wengi wanakwama, cheni imeshakamilika ndipo wanagundua kwamba inagonga chini ya meza.

Sasa pingili zenyewe. Ziko za aina mbili zinazopishana: zenye mashavu (kuta za pembeni) ya nje na zenye mashavu ya ndani, yote kimo cha mm 30. Shavu la ndani lina urefu wa mm 70, yaani mm 40 kati ya bawaba na ncha za duara la mm 15. Shavu la nje ni mm 74, kwa sababu kila upande lina mkia unaopita bawaba kwa mm 17. Kwenye mkia huo, mm 12 kutoka bawaba, inakaa pini ya mm 4 inayoingia kwenye tundu la upinde lililokatwa kwenye shavu la ndani. Pini hiyo na tundu lake ndivyo vinavyoamua kila kitu: upande mmoja vinazuia pingili isijikunje kupita digrii 22.5, upande wa pili vinazuia cheni isibonyee chini.

Zingatia hesabu hii. Pini ikicheza mm 0.2 tu, kwa umbali wa mm 12 hiyo ni kama digrii 1. Digrii 1 inaonekana si kitu. Lakini shika cheni upande mmoja, uiweke mlalo huku upande wa ndani wa mkunjo ukitazama juu, na acha pingili 15 zining'inie: ya kwanza inashuka digrii 1, ya pili 2, ya kumi na tano 15. Ncha inashuka karibu mm 84. Ndiyo maana tundu la upinde lisianzie digrii 0. Lianzie digrii 1 kuelekea upande wa kujikunja na liishie 22.5, ule mchezo utameza hiyo digrii moja na cheni itanyooka barabara. Katikati ya pini husafiri mm 4.5, ukijumlisha upana wa tundu mm 4.1 urefu wote ni mm 8.6. Ukianzia digrii 3 kwa kuogopa kubonyea, sehemu ya chini ya cheni haitalala sawa, itakuwa imejikunja kuelekea juu.

Tundu hilo likae upande wa nje wa mkunjo, kwa kuwa mkia huelekea huko cheni inapojikunja. Weka alama ya "juu" kwa kalamu kwenye kila shavu la ndani kabla hujalitoa mezani.

Kwa pingili 26 unahitaji mashavu 26 ya nje, 26 ya ndani, na mataruma 52 ya kuunganisha kushoto na kulia, mawili kwa kila pingili, juu na chini. Mataruma ya pingili za ndani yawe mm 60, ya nje mm 72 (yanajumlisha unene wa mashavu mawili ya ndani), upana mm 14. Mbao tatu za mm 300 × 400 zinatosha na ziada inabaki. Ukitoa mataruma, kimo cha ndani ni mm 18.

HDPE haikubali gundi. Gundi ya kubandika kwa haraka, epoksi, zote zinabanduka, kwa hiyo funga kwa skrubu: toboa mm 2 kwanza, skrubu za mm 3 × 20 zenye kichwa cha kuzama, jumla 104. Kichwa kikibaki nje kwenye shavu la ndani, mkia wa shavu la nje utakigonga.

Kukata: biti ya mm 3 yenye jino moja, mizunguko 16,000 kwa dakika, mwendo mm 1600 kwa dakika, kina mm 2 kila pasi. Ukienda polepole kwa kuogopa, biti haikati tena, inasugua, plastiki inayeyuka na kuizunguka. Taka zinazotoka ziwe vipande vinavyoshikika, zisiwe unga. Tepu ya pande mbili haishiki vizuri kwenye HDPE, bana ubao kwa skrubu pembeni na acha vishikizo vidogo (sehemu zisizokatwa) kwenye kila kipande. Kata mashavu mawili ya majaribio kwanza. Plastiki hurudi kidogo baada ya kukatwa, na tundu la mm 5 huweza kutoka dogo.

Bawaba ni bolti za M5 × 20 za kichwa cha kuzama, kichwa ndani kikiwa sawasawa na uso wa shavu, washa na nati yenye plastiki ndani zikiwa nje. Unahitaji 54, kwa sababu maungio ni 27 pamoja na mabano ya miisho. Kaza mpaka mwisho kisha rudisha robo mzunguko. Riveti zinafanya kazi pia, ila zinavimba na kufunga ungio. Ukizitumia, weka kipande cha kadi kati ya mashavu, piga riveti, kisha chomoa kadi. Pini za mm 4 kata kutoka kwenye rodi za kuchomelea za geji 8, gonga unga wote utoke, kila moja mm 11 ili isitokeze ndani. Tundu lake kwenye mkia liwe mm 3.8, na ing'ate rodi kwa koleo ipate makovu ndipo uigonge. Pingili 26 ni namba shufwa, kwa hiyo bano moja litakuwa la aina ya ndani na jingine la aina ya nje.

Kabla ya kuingiza kebo, pitisha kidole ndani ya cheni nzima. Kingo za mataruma zikwangue kwa kisu.

Kebo zilale huru ndani, usizifunge kwa tai za plastiki kwenye pingili. Nzito ziwe pembeni pande zote mbili ili cheni isivutwe upande mmoja: spindo kushoto, mipira ya maji kulia, mota katikati, swichi mbali na spindo kadiri inavyowezekana. Bana upande unaosogea, peleka gantri (daraja linalobeba spindo) mwisho hadi mwisho kwa mkono mara kadhaa, kisha ndipo ubane upande wa pili. Kwenye mkunjo kebo ielee katikati ya kimo. Ikiegemea ukuta wa ndani ni fupi, ikiegemea wa nje ni ndefu.

Wavu wa chuma ulio ndani ya kebo ya spindo ufunge athi pande zote mbili, kwenye inveta (kifaa kinachoendesha spindo) na kwenye mwili wa spindo. Wa kebo ya swichi funga upande wa kontrola peke yake. Swichi zenyewe ziunge kwa namna ambayo mzunguko hukatika zinapoguswa, ili waya ukikatika ndani ya cheni mashine isimame badala ya kuendelea kugonga. Weka plagi za kukaza kwa skrubu kwenye kebo za mota nje ya cheni, pande zote mbili, uweze kubadilisha kebo moja bila kufungua nyingine, na usichomoe ya mota umeme ukiwapo: draiva nyingi (vifaa vinavyoendesha mota) huungua hapo hapo.