Hamu ya chakula cha kwenu isikumalizie mshahara

Dada, umesema uko ughaibuni mwaka wa pili na nusu ya pesa ya chakula inaishia kwenye vyakula vya kwenu vinavyoletwa kwa ndege. Pole, hamu hiyo naijua. Ila nyanya, pilipili, mahindi na viazi mviringo asili yake ni Amerika. Kabla ya 1492, mwaka baharia Columbus alipofika huko Amerika, wazee wetu hawakuvijua. Walivipokea, wakavipika kwa mkono wao, leo tunaapa ni vyetu! Nawe nunua mboga za msimu za hapo ulipo, uziunge kwa viungo vyako. Maharage chukua makavu: loweka usiku kucha, chemsha sufuria nzima, gawa kwenye vikopo, gandisha. Ya mkebe unalipia hadi maji. Kile kimoja usichoweza kukiacha, kinunue mara moja kwa mwezi.