Watoto wanatoka na ukungu sebuleni

SWALI: Nimenunua kamera ya mtumba, Nikon yenye lenzi ya 18-55. Nje picha zinatoka safi, ila jioni sebuleni watoto wanatoka na ukungu. Fundi anataka kuifungua. Nimpe?
Mama wawili, Morogoro

JIBU: Usimpe, mama. Kamera ni nzima, mwanga ndio haba. Ukiiachia ijipange yenyewe, huacha shata, kile kipazia cha ndani kinachopitisha mwanga, wazi hata 1/15 ya sekunde, na mtoto gani atatulia hivyo? Zungusha kirungu cha juu hadi S, ili kasi ya shata uichague wewe, weka 1/250. Akiwa amekaa anakula, 1/125 inatosha. ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, iruhusu ipande yenyewe hadi 3200. Chengachenga zitaonekana, lakini hizo zinavumilika, ukungu hausafishiki.

Tena usivute lenzi kumleta mtoto karibu. Kwenye 18 tundu lake linafunguka hadi f/3.5, kwenye 55 ni f/5.6 tu (namba ikikua, tundu limepungua), yaani mwanga unapungua zaidi ya nusu. Sogea wewe. Picha zikibaki nyeusi, subiri mchana: mtoto akae mita moja kutoka dirishani, ubavu kwenye mwanga, na taa uzime, la sivyo shavu moja litakuwa la njano na jingine la buluu.