Masimulizi yanapozidi picha, kosa limo katika maandishi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa utayarishaji wa filamu, na ninahariri filamu ya dakika 8 kuhusu mafundi wa majahazi wa Nungwi. Sehemu moja ina picha za sekunde 42, lakini masimulizi yake yana sekunde 55. Nimeongeza kasi ya sauti mpaka ikaenea, na programu haikuifanya iwe nyembamba, lakini mkufunzi anasema msimulizi anasikika kama mtu anayekimbizwa. Je, kuna programu nzuri zaidi kwa kazi hii?

Jibu: Marahaba. Programu hiyo haipo, na ninakuomba uache kuitafuta. Kuingiza sekunde 55 ndani ya 42 ni kuongeza kasi kwa takriban asilimia 31, ilhali sikio, kwa uzoefu wangu, husamehe asilimia 3 au 4 tu. Zaidi ya hapo silabi hubanana, na pumzi ambazo msimulizi alizipanga kwa maana ya sentensi hugeuka kuwa mihemo.

Karibu kila kazi ya mwanafunzi inayonifikia imejengwa juu ya dhana hiyohiyo, kwamba masimulizi yakizidi picha basi kuna hitilafu ya sauti inayotibiwa kwa mashine. Hitilafu imo katika maandishi. Nina hakika sehemu yako ina sentensi ya namna hii: "Hapa tunamwona fundi akiwa na nyundo na tindo, akishindilia pamba iliyotiwa mafuta katika upenyo kati ya mbao na mbao ili maji yasiingie ndani ya chombo." Fundi tunamwona, nyundo tunaiona, na upenyo tunauona. Kisichoonekana ni sababu tu, nayo inatoshwa na maneno machache: "Pamba iliyotiwa mafuta ndiyo inayozuia maji." Silabi 61 zimekuwa 20, na mlio wa nyundo, ambao ni mali kubwa ya filamu yako, umepata nafasi ya kusikika.

Nimehesabu silabi kwa makusudi. Vipimo vya maneno kwa dakika vinavyosambazwa mtandaoni vimetungwa kwa Kiingereza, na sisi tunavibeba kama vilivyo. Neno letu moja, "hatukuwaambia", lina silabi 7 na hubeba maana ambayo Kiingereza hukigharimu maneno matano. Anayepima mswada wa Kiswahili kwa idadi ya maneno hana budi kuishia na masimulizi yanayozidi picha. Soma kwa sauti huku picha zikienda na saa ikiwa mkononi, rekodi sauti ya majaribio kwa simu, uhariri picha juu yake, na ndipo umwite msimulizi kwa rekodi ya mwisho.

Ukishapunguza maandishi, kazi ya mkasi huwa ndogo. Kata kabla ya pumzi, kamwe usikate katikati yake, na kila pengo ulijaze kwa ukimya wa chumba kilekile cha kurekodia. Sekunde 30 za ukimya huo zirekodiwe siku hiyohiyo. Picha inapobadilika, iache itazamwe kwanza kwa fremu 10 hadi 15, yaani kama nusu sekunde kwa mwendo wa fremu 25 kwa sekunde, kisha sauti iingie.

Kinachonisikitisha ni wale wanaowatoza wanafunzi fedha kwa ahadi ya "kulinganisha sauti na picha" kwa kubonyeza kitufe kimoja. Hufuta pumzi zote, hubana kila kituo, na hukabidhi faili ambalo urefu wake ni sahihi kwa sekunde lakini halisikilizwi na mtu hadi mwisho. Wengine sasa huitupa kabisa sauti ya msimulizi na kuweka ya mashine, inayokosea mkazo hata mtazamaji asijue kama "barabara" iliyotajwa ni njia au ni sawasawa. Mwanafunzi aliyelipia huduma hiyo hurudi muhula unaofuata na mswada mrefu vilevile, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha sentensi ya kufuta. Wewe anza na sentensi zote zinazofungua kwa "hapa tunaona".