Uzamili wa ustawi wa jamii ukiwa kazini

Ndugu yangu, umeuliza kama mwenye shahada ya sosholojia na ajira ya kutwa anaweza kusoma uzamili wa ustawi wa jamii. Anaweza. Vyuo vingi hupokea watu wa fani nyingine, ila utapitia masomo ya msingi ambayo aliyesomea fani hii huenda akasamehewa.

Kitakachokubana si madarasa ya jioni, ni mafunzo kwa vitendo. Marekani, kwa mfano, programu yenye ithibati, yaani iliyokaguliwa na kutambuliwa rasmi kuwa imekidhi viwango vya fani, hudai angalau saa 900, na taasisi nyingi za kukupokea hufungua saa zilezile unazotakiwa kwa mwajiri wako. Mimi nilidhani ningezifidia Jumamosi. Nikaishia kuomba likizo bila malipo. Kwa hiyo ongea na bosi kabla hujalipa ada. Uliza pia chuo kama unaweza kufanyia vitendo hapohapo ulipoajiriwa: baadhi hukubali, mradi majukumu yawe mapya na msimamizi awe mwingine.

Ithibati usiipuuze, maana kwingi leseni huitegemea. Barua ya maombi iwe na kisa kimoja ulichokishughulikia, hata ulipokosea. "Napenda kusaidia watu" kila mwombaji ameshaiandika.