Kadi ya mtoto na kisawe kilichoniponza

Kadi ile niliiandika ndani ya matatu, Jogoo Road, magari yamesimama tuli. Mwenzetu wa ofisini alikuwa amejifungua, na kwa kuwa mimi ndiye nilidhaniwa mjuzi wa Kiingereza, nikapewa kalamu. "Baby" nililiona jepesi mno. Nikafungua orodha ya visawe kwenye simu, nikachagua lililojaa mdomo: "Congratulations on your infantile son."

Mama mtoto alisoma, akanitazama. "Kwani amekukosea nini?"

Nje ya lugha ya madaktari, "infantile" ni neno la kumkejeli mtu mzima mwenye mambo ya kitoto.

Orodha za visawe hazikwambii umri. "Neonate" ni wa siku 28 za kwanza, na utalisikia wodini, si sebuleni. "Infant" kliniki ni aliye chini ya mwaka mmoja. Kilatini chake ni asiyesema. Lakini Uingereza, wa "infant school" ana miaka 5 hadi 7, na huyo anasema mpaka umsihi anyamaze. "Toddler" limetokana na mwendo wa kupepesuka, kwa hiyo mtoto ambaye hajaanza kusimama haitwi hivyo.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye "kuchosha". Kwetu safari inachosha, hotuba inachosha, kufua nepi kunachosha, basi. Kiingereza kinagawa. Mwili ukilegea, ni "tiring". Akili ikikosa cha kushika, "boring". "Tedious" ni kazi ndefu ya kurudiarudia ambayo huna budi kuimaliza, kama kujaza maelezo yale yale kwenye fomu tatu. "Monotonous" ni mhubiri ambaye sauti yake haipandi wala haishuki.

Binti yangu wa gredi ya sita aliandika kwamba kwa nyanyake alikuwa "very boring". Maskini, alijitukana mwenyewe. Hapo Sheng ilitufaa kuliko kitabu: nimeboeka ndiyo "bored", naboesha ndiyo "boring". Alicheka, akafuta.

Siku hizi sitii kisawe kwenye sentensi kabla ya kusoma mifano miwili mitatu kwenye kamusi, nione neno linatembea na nani. Nisipoelewa, narudi kwa "baby" bila aibu.

Yule mtoto sasa yuko PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea. Akimwaga uji, mamake hunipigia simu: "Infantile wako amefanya tena."