Muulize Shangazi: Niende Nairobi au nibaki Arusha?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi ni mhasibu kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha, mshahara laki saba kabla ya makato, nina mtoto mmoja yuko darasa la tatu shule ya serikali, nimepanga chumba na sebule kwa 120,000 kwa mwezi na kazini naenda kwa mguu. Sasa nimepata kazi Nairobi, 60,000 za Kenya kwa mwezi, nikizidisha mara 20 napata milioni moja na laki mbili! Kaka yangu anasema Kenya wametuacha mbali niende haraka, mama anasema kule maisha magumu nitarudi nimekonda. Nani mkweli?
Mhasibu, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote wawili wakweli, ndo shida ilipo. Kaka yako akitaka kushinda ubishi atakuonyesha kile kipimo cha maendeleo ya watu cha UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, kinachoanzia 0 hadi 1, kwa takwimu za 2022 Kenya walikuwa na 0.601 sisi 0.532, kwa hiyo wako juu yetu hakuna ubishi. Ila ripoti hiyohiyo ukisogea kidogo kwenye umri wa kuishi unakuta Mkenya anakadiriwa kufika miaka kama 62 na Mtanzania karibu 67, hapo mama naye kapata la kusema. Mi nimeishi Nairobi miaka minne na sijawahi kuona mtu analipa kodi ya nyumba kwa takwimu, kwa hiyo tuangalie mfuko wako.

We mhasibu lakini umezidisha kabla ya kutoa, aibu hiyo mwanangu! Kwenye 60,000 kule wanakata asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA, asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu (hata kama nyumba hutaipata), 3,600 za NSSF ya akiba ya uzeeni, halafu ndo inakuja PAYE yenyewe, kodi ya mshahara, kama 8,500. Unabaki na 45,000 na ushee. Shilingi ya Kenya siku hizi inacheza kwenye 19 au 20 za kwetu, tuseme laki tisa kasoro. Hapa Arusha ukitoa NSSF asilimia 10 na PAYE unabaki na 588,000. Kwa hiyo ile nyongeza yako ya laki tano imeshakuwa laki tatu kasoro kidogo, na hujapanda hata matatu.

Sasa panda. Bedsita ya kueleweka, na bedsita ni chumba kimoja unapikia hapo unalala hapo, usitegemee chini ya 12,000 kama hutaki kuishi mbali sana, hiyo ni kama 235,000 za kwetu, karibu mara mbili ya unayolipa sasa kwa vyumba viwili. Matatu kwenda na kurudi weka 200 kwa siku, mvua ikinyesha wanapandisha papo hapo na hakuna wa kumlalamikia, kwa mwezi inafika karibu 95,000 za huku. Piga hesabu, ile laki tatu imebaki kama elfu themanini na hujala mchana. Umeme nao huku ukinunua Luku yuniti ni kama 356, kule mara nyingi ni zaidi ya 20 za Kenya, zidisha mwenyewe.

Ila nisimwonee Mkenya. Kuna jambo moja wametuzidi na huwa nalitamani mpaka leo, kodi ya nyumba wanalipa mwezi kwa mwezi, unaweka dipoziti ya mwezi mmoja unahamia, hakuna habari ya miezi sita kwa mkupuo na dalali anayetaka mwezi wake kwa kukuonyesha mlango tu. Ubaya wake ni tarehe 5, siku ya mwisho ya kulipa. Mwenye nyumba wangu mwaka wa kwanza nilichelewa siku mbili, nimerudi jioni nimebeba sukuma wiki nakuta kufuli lingine juu ya kufuli langu, nikakaa kwenye ngazi mpaka saa tatu usiku nasubiri mshahara wa mtu mwingine aniazime kwa M-Pesa. Huku mwenye nyumba angeanza na salamu, akauliza na hali ya wazazi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mtoto. Anasoma kwa Kiswahili, huku elimu bila ada tangu 2016, ukimpeleka kule kuanzia gredi ya nne masomo ni kwa Kiingereza na wenzake wameshazoea, atakaa nyuma ya darasa mwaka mzima ananyamaza. Mi ningeenda peke yangu kwanza ile miezi ya majaribio, mtoto abaki kwa bibi, basi za Arusha Nairobi kupitia Namanga zipo kila siku. Na kabla ya yote mwajiri akuombee kibali cha kazi, soko la pamoja la Afrika Mashariki lipo tangu 2010 lakini kibali bado kinahitajika, akikwambia "we njoo tutaona" usiende. Au rudi kwake umwombe 80,000, hapo tunaongea lugha nyingine.

SWALI: Shangazi mi ni msusi Mombasa, nasikia Dar maisha ni rahisi na wateja hawasumbui, nataka kuja kufungua saluni. Rafiki yangu wa Tandika yuko tayari tuandikishe kwa jina lake.
Msusi, Mombasa

JIBU: Joto la Dar halitakushinda mwanangu, na wateja kusumbua watakusumbua tu. Shida ni amri ya serikali ya Julai 2025, ilitaja biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kufanya Tanzania, saluni imo isipokuwa ya hotelini au ya shughuli za utalii, uwakala wa pesa za simu umo, kutengeneza simu umo. Ukikamatwa faini inaanzia milioni 10 za Tanzania na kifungo hadi miezi sita. Najua kwenu ililalamikiwa sana na mimi naona walalamikaji walikuwa na hoja, ila amri ndo hiyo. Tafuta hoteli inayohitaji msusi, wakuombee kibali. Na hilo la jina la rafiki yako liache kabisa, maana raia anayemkinga mgeni naye amewekewa faini yake, milioni 5.